Sura ya Saba: microKORG au Reface CS

Sinthesaiza ya analogi pepe ni kinanda cha kidijitali ambacho chipu yake hufanya kwa hesabu kazi iliyofanywa zamani na saketi za umeme. Katika Minimoog ya mwaka 1970, au Prophet-5 ya mwaka 1978, saketi moja ilitoa mtetemo, nyingine ikauchuja, na ya tatu ikaamua kama sauti ianze kwa kishindo au ipande polepole. Utamu wa vyombo hivyo ulitoka kwenye saketi hizo, na usumbufu wake pia. Joto likibadilika, noti zilihama, na mpigaji alilazimika kukiwasha chombo mapema, akisubiri kipate moto, kisha akipange upya kabla ya kupiga. Analogi pepe haina shida hiyo. Hesabu haitanuki wala kusinyaa, na chumba chenye paa la bati saa nane mchana hutoa noti zilezile zitakazotoka usiku wa manane.

Chombo kilicholipa kundi hili jina lake ni Nord Lead, kinanda chekundu kilichotolewa mwaka 1995 na kampuni ya Clavia ya Stockholm, Sweden. Roland, Yamaha na Access ya Ujerumani zilifuata haraka, na mwaka 2000 Korg ikatoa MS2000. Vyote hivyo vilikuwa vyombo vya bei ya juu, vizito, vya kuchomekwa ukutani. Mabadiliko yenye maana kwa mtu wa kawaida yalikuja mwaka 2002, Korg ilipochukua injini ya MS2000 na kuitia ndani ya kinanda chenye uzito wa kilo 2.2 kinachoweza kutumia betri. Hicho ndicho microKORG. Miaka 13 baadaye, mwaka 2015, Yamaha nayo ilitoa vinanda vinne vidogo kwa mpigo chini ya jina la Reface, na kimoja kati yake, Reface CS, ni analogi pepe. Herufi CS ni za ukoo wa sinthesaiza za Yamaha za miaka ya 1970, ikiwemo CS-80 ambayo Vangelis aliitumia katika muziki wa filamu ya Blade Runner.

Maandishi mengi ya kulinganisha vyombo vya aina hii humfikiria mnunuzi anayeishi jirani na duka na mwenye soketi kila ukuta. Sura hii inachukua mahali pagumu zaidi kwa makusudi: kisiwa cha Songo Mnara, kusini mwa Kilwa Kisiwani, kinachofikiwa kwa boti kutoka Kilwa Masoko. Wageni hukijua kwa magofu yake ya karne ya 14 na 15. Kuna jumba la kifalme, misikiti mitano na nyumba zaidi ya 30 za mawe ya matumbawe, vyote vilivyoingizwa pamoja na Kilwa Kisiwani katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, vikawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004 na kuondolewa humo mwaka 2014. Lakini karibu na magofu hayo kuna kijiji cha watu hai, wavuvi na wakulima, wenye harusi, simu na nyimbo kama watu wengine wa pwani. Chombo kitakachofaa hapo kitafaa pia Kilwa Kivinje, Mafia au Pate.

Kabla ya kulinganisha ni lazima ijulikane sinthesaiza inatafutiwa kazi gani. Katika pwani hii kinanda kina heshima yake kwenye harusi. Kazi iliyofanywa Unguja na gambusi, kanuni, fidla na akodioni, katika vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, taarab ya kisasa imeikabidhi kwa sehemu kubwa kwa mpiga kinanda. East African Melody ilifungua njia hiyo katika miaka ya 1990, na Jahazi Modern Taarab, iliyoanza mwaka 2006, iliongozwa na Mzee Yusuf ambaye mwenyewe ni mwimbaji na mpiga kinanda. Lakini kinanda cha harusi, tuseme Yamaha ya aina ya PSR, ni chombo kingine kabisa. Kina midundo ndani yake, kina besi inayojipiga, kina mamia ya sauti za vyombo vilivyorekodiwa. Analogi pepe haina ngoma hata moja iliyorekodiwa, wala haina mdundo wa kubonyeza na kuuacha uende. Asiyelijua hili hununua chombo kizuri, akakivusha bahari, akafika nyumbani hana cha kuwachezesha watu.

Faida yake iko kwingine. Sinthesaiza hutengeneza sauti ambayo haikuwepo, au huikaribia sauti iliyopo na kuipindisha kadiri mpigaji anavyotaka. Kwa anayetunga nyumbani, peke yake, kwa simu au kompyuta ndogo, hicho ndicho kitu ambacho kinanda cha harusi hakimpi. Singeli imeonyesha mpaka wa hoja hii kwa upande wa pili. Muziki huo wa uswahilini Dar es Salaam, uliofika masikio ya nje kupitia mkusanyo wa Sounds of Sisso wa mwaka 2017, hutengenezwa kwa kompyuta tu, na maprodyuza wake hawakuhitaji kinanda cha bei kubwa. Mtu mwenye kompyuta nzuri na umeme wa uhakika anaweza kuiruka sura hii bila hasara. Inamhusu zaidi yule anayetaka kitu cha kushika kwa mikono, kinachowaka mara moja na kisichohitaji skrini.

Kwa macho ya haraka vyombo hivi viwili ni pacha. Kila kimoja kina vibao 37 vidogo, vyembamba kuliko vya piano, vinavyombana mwenye vidole vinene. Kila kimoja kina upana wa sentimita 50 na kidogo na hutumia betri sita za AA. Reface ina uzito wa kilo 1.9. Tofauti huanza mtu anapotaka kuviwasha.

Umeme ndio swali la kwanza, na wauzaji ndio wa mwisho kuulizwa juu yake. microKORG hutumia adapta ya volti 9 yenye uwezo wa miliampia 600, yaani wati zisizofika 6. Reface hutumia adapta ya volti 12. Kwa betri za AA, Korg huahidi takriban saa 4 na Yamaha takriban saa 5. Mpigaji anayefanya mazoezi saa moja kila jioni atakuwa amemaliza betri sita kabla ya wiki kwisha, na betri za dukani ni gharama ambayo haiishi. Kwa hiyo betri za AA zichukuliwe kuwa za safari na za dharura. Nyumbani chombo kiunganishwe na sola.

Hapa ndipo Reface inapopata pointi yake ya kwanza, na pia hatari yake ya kwanza. Betri kubwa ya sola ni ya volti 12, na tundu la Reface linataka volti 12. Kishawishi cha kuunganisha waya moja kwa moja ni kikubwa. Lakini betri inayochajiwa na paneli mchana hupanda hadi kupita volti 14, na ikiisha usiku hushuka chini ya 12. Chombo kilichotengenezewa volti 12 zilizotulia hakipaswi kulishwa umeme unaopanda na kushuka namna hiyo. Kinachotakiwa ni kidhibiti volti kidogo kati ya betri na kinanda, kifaa ambacho fundi yeyote wa redio anakifahamu. Kwa microKORG kidhibiti hicho ni cha lazima tangu mwanzo, maana volti 12 zikiingia kwenye tundu la volti 9 hakuna atakayeahidi kitakachofuata. Njia ya pili ni kutumia inveta: kupandisha volti 12 ziwe 230, kisha adapta izishushe tena ziwe 9 au 12. Inafanya kazi, ila sehemu ya umeme wa jua hupotea njiani bila sababu, na inveta za bei rahisi huleta mvumo unaosikika kwenye spika. Jambo moja zaidi halisameheki: pembeni ya tundu la umeme kuna mchoro mdogo unaoonyesha chanya iko ndani au nje. Usomwe kabla waya haujakatwa.

Kuhusu betri za kuchaji, kila moja hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo sita hutoa volti 7.2 tu badala ya 9. Reface inaruhusu aina hiyo, mradi mpigaji akiambie chombo, wakati wa kukiwasha, ni betri za namna gani zimo ndani. Vinginevyo taa ya tahadhari hudanganya. Kijitabu cha microKORG kinataja betri za alkalini. Reface pia hujizima yenyewe isipoguswa kwa nusu saa, tabia inayoudhi wakati wa mazoezi na inayookoa betri mtu akipitiwa na usingizi. Inaweza kuondolewa.

Baada ya umeme linakuja suala la sauti kutoka wapi. Reface CS ina spika mbili ndogo ndani yake, za wati 2 kila moja. Hazitoshi ukumbi, wala hazitoi besi ya maana, lakini zinatosha chumba, kibaraza, na watoto watatu waliokuja kutazama. Ina pia tundu la kuingizia sauti kutoka kwenye simu. Mpigaji huchomeka simu, akacheza biti aliyotengeneza au wimbo anaojifunza, na vyote viwili hutoka kwenye spika hizohizo. Kwa mtu anayejifunza peke yake mahali pasipo na bendi, tundu hilo dogo lina thamani kuliko nusu ya vikolombwezo vinavyotangazwa kwenye maboksi. microKORG ya asili haina spika; bila hedifoni au amplifaya ni bubu. Korg ilirekebisha hilo mwaka 2016 kwa kutoa microKORG S yenye spika ndani, na anayeipata hiyo afute kasoro hii kwenye hesabu yake. microKORG ina matundu ya kuingizia sauti pia, lakini kusudi lake ni tofauti: sauti inayoingia hupitishwa kwenye vichujio vya chombo na kubadilishwa.

Sasa mikono. Juu ya Reface CS hakuna skrini wala menyu. Kuna vitelezi, vile vya kusukuma mbele na nyuma, vilivyopangwa kushoto kwenda kulia kufuata safari ya sauti yenyewe: mtetemo, kichujio, mwendo wa sauti, madoido. Kila kitu kilichopo kinaonekana. Mfano mmoja unatosha kuonyesha kazi inavyokwenda. Mpigaji anataka sauti inayokaribia zumari, ile ya ngoma za pwani, kali na yenye pua. Anachagua aina ya pili ya mtetemo kati ya tano zilizopo, wimbi la mraba, kisha anasukuma kitelezi cha kubadili unene wa wimbi hadi sauti ikonde. Anashusha kichujio kidogo ili ukali wa juu kabisa uondoke, halafu anaongeza mwangwi wa kichujio mpaka pua itokee. Mwanzo wa sauti anauweka wa haraka lakini si wa papo hapo, maana mpuliza zumari huhitaji nukta ya kujaza mwanzi pumzi. Mwisho anaukata mara moja, kidole kikiinuka sauti ife. Anaongeza mtikisiko mwembamba wa noti, na kitelezi cha kuunganisha noti anakisogeza kidogo ili noti moja iteleze kuingia nyingine. Dakika mbili, vitelezi saba au vinane. Haitakuwa zumari, lakini itakuwa ndugu yake, na mpigaji atakuwa ameelewa kila sehemu ya ndugu huyo imetoka wapi.

Kazi hiyohiyo kwenye microKORG inawezekana, na kwa kweli inaweza kwenda mbali zaidi, maana kila sauti ina mitetemo miwili ya kuchanganya na njia nyingi zaidi za kuifanya sehemu moja iitikise nyingine. Lakini njia yake ni nyembamba. Chombo kina vinobu vitano tu vya kuhariri. Juu ya uso wake imechapwa jedwali. Mpigaji huchagua mstari wa jedwali kwa mojawapo ya vinobu viwili vya kuchagulia, na vile vitano hupata maana mpya kulingana na mstari huo. Kioo chake kinaonyesha herufi au tarakimu tatu tu. Kwenda kwenye kichujio, kurudi kwenye mtetemo, kwenda kwenye mtikisiko, ni kuzungusha, kusoma, kuzungusha tena. Wengi wenye microKORG hawaihariri kamwe; hupiga sauti za kiwandani na kusogeza kichujio. Hilo si kosa lao. Chombo chenyewe kimewaelekeza huko.

Lakini microKORG inakumbuka. Ina nafasi 128 za kuhifadhi sauti, na zote zinaweza kuandikwa upya. Sauti iliyotengenezwa Jumatatu inarudi Ijumaa kwa kuzungusha kinobu na kubonyeza kitufe, hata umeme uwe umekatika mara kumi katikati. Reface CS haina kumbukumbu hata moja. Sauti ni pale vitelezi vilipo. Mtoto akipita na kuvisogeza, sauti imekwenda. Yamaha ilikusudia sauti zihifadhiwe nje ya chombo, kupitia programu ya iPhone na iPad au tovuti yake ya Soundmondo, jambo linalodhani kwamba mpigaji ana simu ya aina fulani, au kompyuta na intaneti. Kwa anayetumia simu ya kawaida na bando la kuhesabu, suluhisho bora ni la kizamani: kupiga picha ya uso wa chombo kwa simu kila sauti nzuri inapopatikana, au kuchora mistari ya vitelezi kwenye daftari na kuandika jina la sauti juu yake. Inafanya kazi kwa mtu aliye nyumbani. Jukwaani, kati ya wimbo na wimbo, mwimbaji akiwa ameshaanza kuzungumza na watazamaji, hakuna muda wa kutazama picha na kusogeza vitelezi 18. Hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya vyombo hivi, na mara nyingi ndiyo itakayoamua.

Idadi ya noti zinazoweza kulia kwa wakati mmoja ni 4 kwa microKORG na 8 kwa Reface. Tarakimu hizo huwatisha watu kupita kiasi. Mpiga kinanda wa taarab anayefuata sauti ya mwimbaji na kujibu kiitikio kwa noti moja moja hatakaribia hata nne. Upungufu unasikika mtu anaposhika kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa mkono wa kushoto na kuimba juu yake kwa mkono wa kulia, au anapotumia sauti zinazochelewa kufa: noti ya tano inapoingia, ya kwanza hukatwa ghafla. microKORG huongeza tatizo pale sauti inapojengwa kwa tabaka mbili, maana kila noti hula nafasi mbili na zinabaki 2 tu. Kwa anayependa mawingu mazito ya kodi nyuma ya wimbo, Reface ndiyo chaguo, bila ubishi.

Suala la robo toni lina uzito zaidi pwani kuliko huko vyombo hivi vilikotengenezwa. Taarab ya zamani ilichukua kutoka Misri makamu, yaani mipangilio ya noti, kama rasti na bayati, ambazo baadhi ya noti zake huangukia katikati ya vibao viwili vya piano. Gambusi na fidla huzipata bila shida kwa sababu hazina vizuizi shingoni. Vyombo vyote viwili vinavyojadiliwa hapa vimepangwa kwa noti 12 zilizo sawa. Mpigaji anayezihitaji noti za katikati ana njia moja ya mkono: kuipinda noti kwa gurudumu la microKORG au kwa kijiti kidogo cha Reface kilicho upande wa kushoto wa vibao. Gurudumu la microKORG ni rahisi zaidi kulituliza kwenye robo. Kijiti cha Reface ni kifupi na chepesi, na kidole kikitetereka noti hutetereka nacho. Kwa hali yoyote hii ni njia ya noti moja moja, si ya kodi. Anayetaka makamu kamili anunue kinanda kinachozingatia muziki wa Mashariki ya Kati, kwa mfano Yamaha za mfululizo wa PSR-A au Korg za mfululizo wa Pa, ambavyo huruhusu noti yoyote ishushwe robo. Inafaa pia kukumbuka kwamba taarab ya kisasa imeshazoea mpangilio wa piano, na wasikilizaji wengi wa leo hawaidai robo toni.

microKORG ina kitu kingine ambacho Reface haina: vokoda, pamoja na maikrofoni ndogo ya shingo inayopinda. Mtu huzungumza, na vibao ndivyo vinavyoimba maneno yake. Ni mchezo wa kufurahisha kwa wiki mbili, na baada ya hapo wengi huuacha. Katika kiitikio cha wimbo wa dansi au singeli unaweza kuleta ladha. Katika taarab, ambako msikilizaji amekuja kusikia maneno na mafumbo yake, unaharibu kile kilichofuatwa. Ina pia kifaa cha kuzivunja kodi na kuzipiga noti moja moja kwa kasi inayopangwa, kwa mitindo sita, na hicho kina manufaa ya kudumu kwa mtunga biti. Reface inajibu kwa kinasa cha mizunguko: mpigaji hupiga kipande kifupi, chombo kinakirudia, naye anaongeza juu yake. Kwa kuwa kinachorudiwa ni noti, si sauti iliyorekodiwa, vitelezi vinaweza kuendelea kusogezwa huku mzunguko ukienda. Hapo ndipo mtu hujifunza kichujio kweli, mikono yote miwili ikiwa huru.

Kuunganisha na kompyuta ni rahisi kwa Reface, ambayo ina tundu la USB. Waya wa USB hupitisha noti tu. Sauti yenyewe inahitaji waya wake. Matundu ya kawaida ya MIDI, yaani ya kupitishia noti kati ya vyombo, kwa Reface yanapatikana kupitia waya mfupi maalumu unaokuja kwenye boksi, na waya huo ukipotea si wa kuupata Kilwa Masoko. microKORG ya asili haina USB, ila ina matundu matatu kamili ya MIDI, ya kizamani na imara, yanayotaka kiunganishi cha pembeni kabla ya kufika kwenye kompyuta. Kurekodi sauti kwenye simu kunahitaji kiunganishi katika hali zote mbili. Mwenye haraka huweka simu mbele ya spika za Reface na kurekodi hivyohivyo. Mvua ikianza juu ya bati, kazi imeisha kwa siku hiyo.

Chumvi na mchanga huamua umri wa chombo. Hewa ya bahari hula kwanza vyuma vidogo vya chumba cha betri, kisha matundu ya waya. Betri zitolewe kila chombo kinapowekwa kwa zaidi ya siku chache, kwa sababu betri iliyovuja pamoja na hewa ya chumvi humaliza chemba za betri upesi. Udhaifu wa Reface ni vitelezi vyake: kila kimoja kinapita kwenye mfereji ulio wazi, na vumbi lenye chumvi huingia humo moja kwa moja hadi sauti ianze kukwaruza kitelezi kinaposogezwa. Kitambaa kikavu juu ya chombo kila baada ya kupiga hupunguza shida hiyo kwa kiasi kikubwa. Vinobu vya microKORG vimeziba zaidi, lakini mbao za pembeni zake hazipendi unyevu. Wakati wa kuvuka, hasa maji yakiwa yamekupwa na abiria wakilazimika kushuka na kutembea kwenye maji hadi pwani, chombo kifungwe ndani ya nailoni nzito mbili, mdomo wa kila moja ukikunjwa na kufungwa peke yake, na kibebwe kichwani au begani, kisiachwe chini kwenye boti ambako maji hujikusanya. Udogo wa vyombo hivi, unaolalamikiwa kwenye vibao, hapa unashukuriwa. Roland GAIA SH-01 ya mwaka 2010, ambayo ingekuwa mpinzani wa kweli kwa vibao vyake vya ukubwa wa kawaida, noti 64 na betri nane za AA, ina uzito wa kilo 4.2 na upana unaosumbua ndani ya boti iliyojaa.

Kwa kuwa microKORG imeuzwa tangu mwaka 2002, zilizotumika ni nyingi sokoni kuliko Reface. Anayenunua iliyotumika apige kila kibao kwa nguvu na kwa ulaini, azungushe kila kinobu akisikiliza mikwaruzo, na afungue chumba cha betri kutazama kutu ya kijani. Sauti za ajabu au zenye majina yasiyoeleweka si ubovu. Mmiliki wa awali aliziandika juu ya zile za kiwandani, na chombo kina njia ya kuzirudisha zote. Vilevile chombo kikikataa kuhifadhi sauti mpya, mara nyingi ni ulinzi wa kumbukumbu uliowashwa tangu kiwandani, unaoweza kuondolewa. Kwa Reface, kila kitelezi kisukumwe kutoka chini hadi juu huku noti moja ikishikiliwa, na iulizwe kama adapta na ule waya mfupi wa MIDI vipo.

Kwa hiyo mtunzi anayekaa Songo Mnara, anayejifunza mwenyewe, mwenye simu na paneli ya sola na asiye na amplifaya, atapata zaidi kwa Reface CS, kwa sababu ya spika, tundu la simu, noti nane na vitelezi vinavyomfundisha kila anapovigusa. Mpigaji anayeitwa kwenye shughuli Kivinje, Masoko na Nangurukuru, anayekuta spika zimeshafungwa na anatakiwa kubadili sauti kati ya nyimbo, achukue microKORG. Wawili wanaochangia chombo kimoja nao wachukue microKORG, maana kila mmoja atakuwa na sauti zake zilizohifadhiwa, na hakuna atakayemlaumu mwenzake kwa vitelezi vilivyosogezwa.